Mganga hajigangi: Bunia isiwaache wauguzi wa akili peke yao

Kijana analetwa na ndugu zake, mikono imefungwa kamba hadi ngozi imechubuka. Amekwisha pitishwa kwenye chumba cha maombi. Amefungishwa saumu, ameombewa, na hali imezidi. Muuguzi wa afya ya akili anaomba kamba ifunguliwe kwanza, maswali yafuate baadaye. Kazi yake huanza hivyo. Leo tunapiga mbiu kwa ajili yake na wenzake, maana mji huu unawategemea kuliko unavyokiri.

Tangu 1999 Ituri, jimbo la mashariki mwa Kongo ambalo makao yake makuu ni Bunia, imepata vipindi vya utulivu, haijapata amani. Mwaka 2003 vita viliingia ndani ya Bunia, hata wanajeshi wa Umoja wa Ulaya wakaletwa kuutuliza mji. Mtoto aliyejificha chini ya kitanda mwaka ule leo ni mzazi, na huenda amekimbia tena. Eneo la Djugu, katika jimbo hilohilo, liliwaka upya kuanzia mwishoni mwa 2017, ikafuata Ebola, na usiku wa kuamkia 2 Februari 2022 watu takriban 60 waliuawa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba penye vita, mtu mmoja kati ya watano ana ugonjwa wa akili. Hesabu hiyo iangalieni katika familia zenu.

Madaktari wa akili nchini ni wachache mno, kwa hiyo mzigo unamwangukia muuguzi. Yeye ndiye anayempokea mama aliyebakwa na kijana aliyezama katika pombe kali. Yeye ndiye anayetibu kifafa, ambacho katika baadhi ya vijiji vya Mahagi kimekithiri, na watafiti wamekihusisha na ugonjwa wa usubi. Jioni anarudi nyumbani, naye pia amezika ndugu, naye pia kijiji chake kimechomwa. Wahenga walisema mganga hajigangi. Basi yeye anagangwa na nani?

Kosa kubwa ni kuijenga huduma hii juu ya miradi. Mradi ukifungwa, dawa hukauka. Mgonjwa wa kifafa aliyezoea dawa ya fenobabito kila usiku, akiikosa ghafla, degedege humrudia kwa nguvu, na inaweza kumwangusha motoni au kumwua. Aliyetulia kwa sindano ya kila mwezi huanza tena kusikia sauti. Mwanzoni mwa 2025 Marekani, mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura Kongo, ilisimamisha misaada yake. Tunangoja onyo gani jingine?

Tunaitaka serikali, ya Kinshasa na ya jimbo, iweke muuguzi wa akili katika kila hospitali kuu ya zoni ya afya, imlipe mshahara kwa wakati, na impe msimamizi wa kumsikiliza na siku za kupumzika. Dawa za akili na kifafa ziagizwe pamoja na za malaria, zisingoje mfadhili. Wachungaji nao tunawasihi: ombeni, lakini msimfunge mtu, na mleteni hospitali mapema.

Kamba iliyofunguliwa na muuguzi isirudi mikononi mwa mgonjwa kwa sababu kabati la dawa lilikuwa tupu.