Maji hukingwa, hayafichwi kwa rangi

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. La kusikitisha ni kuwa wengi wetu, wenye nyumba na mafundi, hata huo ufa hatuuzibi. Tunaupaka rangi.

Masika ya mwaka 2024 yalipokwisha, ukuta wa chumba cha watoto katika nyumba ninayopanga jijini Nairobi ulikuwa umeota kuvu hadi kimo cha kiuno. Mwenye nyumba alimleta fundi, naye akaukwangua na kuupaka rangi mpya. Miezi mitatu haikutimia kabla rangi hiyo kuvimba na kubanduka, na kikohozi cha watoto kikarejea.

Fundi yule alitibu dalili, ugonjwa akauacha. Maji ya ardhini hupanda ndani ya mawe na saruji kama mafuta yapandavyo katika utambi. Kinga yake ni utando wa lami au wa nailoni nzito unaolazwa juu ya msingi kabla ya ukuta kuinuliwa, na mwingine chini ya zege la sakafu. Ama orofa za chini ya ardhi, ambazo siku hizi huchimbwa ili kuegesha magari, hizo huzingirwa na maji pande zote. Kuta zake hufaa kupakwa lami kwa nje, upande unaogusana na udongo. Kisha kokoto na mabomba yenye matundu huwekwa kando yake, ili maji yapate njia ya kwenda zake. Rangi ya ndani haiwezi kushindana na maji yanayoisukuma kutoka nyuma.

Mimi ni mtu wa lugha, si mhandisi. Hata hivyo, lugha yetu ina funzo hapa. Kitenzi 'kukinga' kina maana ya kuhifadhi dhidi ya madhara. Pia kina maana ya kutega chombo ili kupokea kitu, kama tukingavyo kwa pipa maji yatokayo paani. Waama, maana hizo mbili ni jirani. Atakaye kujikinga na maji sharti kwanza ayakinge, yaani ayapokee na kuyaelekeza kwingine. Maji yaliyozibwa bila kupewa njia hutafuta ufa mwingine.

Itadaiwa kuwa kazi hiyo ni ghali. Naam, lakini ni nafuu wakati msingi ungali wazi, kuliko kuja kuufukua watu wakiwa wamekwisha kuhamia. Kwa hivyo, wakaguzi wa kaunti na waone utando na mabomba hayo kwa macho yao kabla ya udongo kurudishwa. Mpangaji naye, kabla ya kulipa kodi ya kwanza, auguse ukuta kwa kiganja, hasa ukiwa umepakwa rangi juzi.

Jina la Nairobi lilitokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Anayejenga hapa asiseme hakuambiwa.