Masasi ya ganda la plastiki: mzigo unapungua, na alama je?

Kila mara mapigano yanapotulia, iwe Masisi ao Djugu, watu wenye kurudi kuangalia mashamba yao wanakuta maganda ya masasi yametapakaa chini. Watoto wanayaokota. Wachunguzi nao wanayatafuta, lakini kwa sababu ingine: ku kitako cha ganda, pale pini ya bunduki inapogonga, kiwanda kwa kawaida kimepiga chapa. Kwa masasi mengi ya AK, chapa hiyo ni namba ya kiwanda na tarakimu mbili za mwaka. Kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa, lililoundwa mwaka 2004 kufuatilia vikwazo vya silaha juu ya Kongo, linatumia alama za namna hiyo kuuliza nchi zenye kutengeneza: masasi haya mliuzia nani?

Sasa, viwanda kadhaa vya ngambo vinatengeneza ganda ambalo si metali yote. Mwili wake ni polima, ni kusema plastiki ngumu sana. Kitako tu ndicho kinabaki cha chuma ao cha shaba.

Juu ya nini wanajisumbua? Juu ya uzito. Risasi moja ya 7.62 ya NATO, ile inayotumiwa na bunduki kama MAG ya Wabelgiji, ina gramu karibu 24. Karibu nusu ya uzito huo ni ganda peke yake, na ganda linatupwa mara tu risasi inapotoka. Mkanda wa masasi 200 unakaribia kilo 5. Watengenezaji wa polima wanasema wanaweza kupunguza kama asilimia 30, ni kilo moja na nusu ku kila mkanda. Askari mwenye kupanda mlima anajua kilo moja na nusu ni nini. Raia waliokamatwa kwa nguvu na makundi yenye silaha ili wabebe masanduku ya masasi wanajua zaidi. Lakini wasidanganyike: mbebaji hatapunguziwa mzigo, ataongezewa masasi.

Hesabu ni nzuri ku karatasi. Ku bunduki yenyewe mambo ni magumu. Baruti ikiwaka, shinikizo ndani ni kali, na mara hiyo hiyo bunduki inang'oa ganda kwa nguvu. Plastiki peke yake ingechanika pale ndoano inaposhika, ndiyo maana kitako ni cha metali. Sehemu ambako metali na plastiki zinaungana ndiyo inakuwa mahali pa udhaifu. Kisha kuna joto. Ganda la shaba linapotoka linabeba sehemu ya moto wa bunduki. Wajerumani waliliona jambo hilo na bunduki yao G11, yenye risasi isiyo na ganda kabisa: baruti ilikuwa inaweza kuwaka yenyewe ndani ya bunduki iliyopata moto. Walitengeneza baruti mpya yenye kuvumilia zaidi, lakini Ujerumani mbili zilipoungana mradi ukaachwa. Watu wa polima wanajibu kwamba plastiki haipitishe moto vizuri, kwa hiyo bunduki yenyewe inapata moto kidogo. Jibu lina maana. Lakini shaba imejaribiwa zaidi ya miaka 150, ku mvua, ku jua na ku vumbi. Plastiki haijafika huko.

Marekani ndiko jaribio kubwa lilifanyika. Jeshi la nchi kavu lilitafuta bunduki mpya ya milimita 6.8, na kati ya waliofika mbali mulikuwa ganda la polima la True Velocity ya Texas na lile la Textron, ambamo kichwa cha risasi kinazama chote ndani ya plastiki. Mwezi wa 4 mwaka 2022 jeshi likachagua SIG Sauer, yenye ganda la mwili wa shaba na kitako cha chuma. Polima haikufa kwa hiyo: kikosi cha Marines kilikuwa kimeagiza masasi ya 12.7 ya namna hiyo mwaka 2020. Bunduki hiyo kubwa inawekwa zaidi ku magari, na pale kila kilo inahesabiwa.

Je, masasi haya yatafika huku hivi karibuni? Hakuna sababu ya kufikiri hivyo. Silaha nyingi za mashariki ni AK, na risasi yake mara nyingi ina ganda la chuma, bei yake ndogo, mashine za kuitengeneza zililipwa zamani. Nani atatumia pesa kuigeuza?

Lakini silaha za leo za jeshi tajiri, kesho zinauzwa, zinaibwa, zinanyang'anywa. Siku ganda la polima litaanguka ku kijiji kilichochomwa, mwili wake utayeyuka ao utaungua, na kitako kidogo ndicho kitabaki ku majivu. Kama chapa iko, angalau kuna mahali pa kuanzia. Lakini leo mchunguzi anapima urefu wa ganda ili ajue aina ya risasi, na kitako peke yake hakimwambie yote: kile cha 6.8 ya Marekani na kile cha 7.62 ya NATO vina upana mmoja. Plastiki haiko sawa na shaba pia kwa kushika mikwaruzo inayoonyesha bunduki gani ilipiga.

Na sheria ziko nyuma. Chombo cha kimataifa cha kufuatilia silaha ndogo, cha mwaka 2005, hakigusi masasi. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2023 juu ya usimamizi wa masasi unayagusa, lakini ni wa kujitolea. Nchi isiyoufuata haina adhabu.