Sarafu za dhahabu za Mjerumani: Tarehe kwanza, bei baadaye

SUNEKA iko karibu na Kisii, mji ambao majeshi ya Kijerumani yaliuteka Septemba 1914, yakapigana na Waingereza, kisha yakarudi nyuma. Kwa historia hiyo, ni rahisi mkazi wa Suneka kumwamini mtu anayemletea sarafu akidai ni dhahabu iliyoachwa na Wajerumani hao.

Hata hivyo, sarafu yenyewe inaweza kumuumbua muuzaji. Sarafu mashuhuri ya dhahabu ya koloni hilo, ya rupia 15, ilipigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Askari aliyeondoka Kisii mwaka 1914 hangeweza kuiacha huko.

Sarafu halisi ina tai upande mmoja. Upande wa pili yupo ndovu aliyeinua mkonga, pamoja na mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Ina uzito wa gramu 7.168, na ni ya karati 18. Kwa hiyo, dhahabu safi iliyomo ni takriban gramu 5.4. Ukizidisha kiasi hicho kwa bei ya gramu moja ya dhahabu siku hiyo, unapata thamani ya madini tu.

Juu ya hiyo huongezwa thamani ya uadimu, kwani zilipigwa takriban 16,000 pekee. Wakusanyaji hulipa zaidi ya thamani ya madini, lakini malipo hayo hutegemea hali ya sarafu. Anayeisugua ili ing'are huipunguzia bei kwa mkono wake mwenyewe.

Tahadhari nyingine ni rangi. Mwaka huo huo Tabora ilitoa sarafu za hela 20, nyingine za shaba ya manjano. Nazo zina herufi T, lakini zina taji wala hazina ndovu, na hazina dhahabu hata chembe.

Sarafu ya rupia 15 nayo huigwa. Mizani ya sonara na kipimo cha karati hugharimu kidogo kuliko ng'ombe au kipande cha shamba. Muuzaji anayekataa sarafu yake ipimwe mbele ya mnunuzi amekwisha kutaja thamani yake.