Kabla ya Kisiwa cha Cocos, Tuanze na Bwawa la Mtaani

Wazazi wenzangu, vijana wetu wa darasa kubwa siku hizi wana hadithi moja tu: kulala botini siku kumi na kuzamia kuzunguka kisiwa cha Cocos, mali ya Costa Rica, katika Bahari ya Pasifiki. Najua baadhi yenu mmeshakunja uso. Mimi naona tusiwakatishe tamaa. Ila tuwaambie mambo yote, maana video za kwenye simu huonyesha nusu tu.

Kisiwa hicho kilitokana na volkano. Kiko kiasi cha kilomita 550 kutoka bara, na boti huchukua kama siku moja na nusu. Hakuna hoteli wala kijiji. Wanaokaa pale ni walinzi wa hifadhi, na mgeni hulala kwenye boti yake. Chini ya maji miamba imesimama wima kutoka kilindini. Mikondo ikiigonga, hupandisha maji baridi yenye chakula tele, na papa wenye kichwa cha nyundo hukusanyika makundi kwa makundi. Sisi tuliokulia mchuzi wa papa wa nazi tunachekeshwa kidogo na watoto wanaotaka kuvuka dunia ili wamtazame papa akiwa hai! Lakini papa hao wamevuliwa mno, na sasa wako katika hatari kubwa ya kutoweka.

Wapo wanaosema hiyo ni anasa ya matajiri. Ni kweli, bei ni maelfu ya dola kwa mtu mmoja, ndege mbali. Hata hivyo siafiki kwamba hoteli zijengwe kisiwani ili bei ishuke. Cocos ni hifadhi ya taifa tangu 1978, na sheria ya kutolala nchi kavu ndiyo iliyokiacha kama kilivyo.

Kinachonitia wasiwasi ni hatari. Mikondo ya huko haimfai anayeanza. Tena, mzamiaji akipanda juu haraka, nitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa ghafla, naye aweza kupooza au kufa. Hospitali iko siku moja na nusu nyuma yako. (Na ukimpigia bibi simu, usiseme tu unataka kuwa mzamiaji. Atadhani unajificha melini bila tiketi.)

Sasa tuje kwetu. Hapa England shule zinatakiwa kumfundisha mtoto kuogelea walau mita 25 kabla hajamaliza shule ya msingi. Lakini wako wazazi miongoni mwetu wanaoandika barua ili watoto, hasa wa kike, wasiende bwawani. Kama tatizo ni sitara, yapo mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, na vazi la kuzamia lenyewe linafika vifundoni. Kama tatizo ni woga wa maji, basi mtoto asiyejua kuogelea ndiye wa kuogopewa zaidi, kwa sababu mito na mifereji ya hapa haiulizi kama una ruhusa ya mama.

Kozi za kuzamia kwa watoto huanza miaka 10. Anayetaka Cocos akiwa mtu mzima ana muda wa kutosha. Wa kwetu, Jumamosi baada ya darasa mpelekeni bwawani, na nyinyi akina baba ingieni majini pamoja naye, msikae pembeni na simu.