Tumelala Wapi, Ndugu Waandishi?

Ndugu waandishi wenzangu, naomba tuulizane swali moja bila kuoneana haya. Hizo hoteli mnazoziandika kwenye hadithi zenu, mmewahi kulala humo?

Nauliza kwa sababu mimi sikuwahi. Nina miaka ishirini na minne, elimu yangu ni kidato cha nne, na riwaya yangu ya kwanza imo kwenye kaunta buku ambayo nimeshaifunga karatasi ya kaki mara mbili kwa kuchakaa. Katika sura ya saba shujaa wangu anashuka Mbamba Bay, anaingia hoteli ya ghorofa sita, anapanda lifti, anaagiza wiski, na baada ya dakika tano mrembo anagonga mlango. Sura hiyo yote niliiandika Mbinga juu ya kitanda cha kamba, nimejifunika blanketi mbili, maana baridi ya Mbinga mwezi wa sita haina mchezo.

Siku moja niliisoma kijiweni. Washikaji wakapiga makofi. Pembeni alikuwepo fundi cherehani, mtu mzima, anatusikiliza huku anakanyaga mashine yake. Akaniuliza, "Kijana, hiyo lifti ya Mbamba Bay iko upande gani?" Watu wakacheka mpaka basi. Mimi sikucheka. Nilijua mzee amenikamata pabaya.

Lifti hiyo niliitoa wapi? Niliitoa vitabuni. Wengi wetu tulijifunza kusoma kwa raha kutokana na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Vitabu vile tuliazimana mpaka majalada yakang'oka. Sina ugomvi navyo hata kidogo. Mpelelezi anayevuka mipaka lazima alale hotelini, na waandishi wale waliandika wakati hoteli kama Kilimanjaro ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1965, ilikuwa kilele cha ujana wa jiji. Ugomvi wangu uko na sisi. Tumechukua zulia, wiski na lifti, tukavibeba mpaka vijijini kwetu bila kuuliza kama vitaenea. Halafu tunaviita riwaya.

Kwa hiyo nikaamua. Nilikuwa na hela ya kibarua cha kuchuma kahawa. Nikasema nitalala hotelini usiku mmoja, nione kwa macho yangu.

USIKU WA KWANZA

Hoteli yenyewe siitaji, kwa sababu ziko nyingi za aina yake, na msomaji wa Songea au wa Makambako ataijua yake. Ni zile za katikati: siyo gesti ya uchochoroni, siyo ya mabalozi. Ghorofa tatu, vioo vya bluu, marumaru zinazoteleza, na jina la Kiingereza refu kuliko jengo. Mapokezi kuna saa tatu ukutani, Dar es Salaam, London na New York. Ya London na ya New York zilikuwa zimesimama. Bei shilingi elfu arobaini, pamoja na chai ya asubuhi. Tangazo ukutani limesema: maji ya moto saa ishirini na nne.

Dada wa mapokezi akaniita bosi. Nilipoandika jina kwenye daftari la wageni, pamoja na nilikotoka, niendako na kazi yangu, akaliangalia jina, kisha akaniangalia mimi. Kumbe tulisoma darasa moja mpaka kidato cha pili, yeye akaishia pale. Nikamwuliza mbona ameniita bosi. Akasema, "Ukimwita kila mtu bosi, hukosei."

Chumba kilikuwa cha self. Bomba la moto nililifungua, likakohoa, likatulia. La baridi lilitoa maji kidogo yenye rangi ya chai. Televisheni iliwaka, lakini rimoti haikuwa na betri. Shuka zilikuwa safi, hilo nalisema kwa haki. Kitanda kizuri. Nililala nikiwa na furaha ya kijinga, naangalia dari, najiambia: na mimi nimo.

Saa kumi na moja alfajiri mlango ukagongwa. Ndugu msomaji, kumbuka sura yangu ya saba. Nilifungua, nikamkuta yule mwanafunzi mwenzangu ameshika ndoo ya maji ya moto yanayofuka. Ameipandisha ghorofa tatu kwa mkono, na nyuma yake kwenye korido ziko ndoo nyingine mbili zinasubiri vyumba vingine. Usiku alikuwa amelala nyuma ya kaunta, kwenye mkeka. Akaniuliza, "Kwenye daftari umeandika wewe ni mwandishi. Unaandika nini?" Nikasema hadithi. Akasema, "Basi siku moja uniandike na mimi."

Nilishindwa kumjibu. Nilikuwa nimeshamwandika. Yeye ndiye mrembo wa sura ya saba: anagonga mlango usiku, ananuka marashi, hana jina, na kufikia sura ya tisa nimemwua. Katika hadithi zetu, mwanamke wa hotelini ana kazi mbili tu, kuvua nguo na kufa. Huyu wa kweli aligonga mlango wangu akiwa na ndoo, na viganja vyake vilikuwa vyekundu kwa mshikio wa chuma.

Asubuhi nikashuka kunywa chai. Nje ya dirisha la hoteli unaviona vilima vya Umatengo, kahawa imejipanga mpaka juu, na kwenye miteremko mikali yale mashimo ya ngolo wanayolimia mahindi na maharage, utaalamu wa wazee wetu wa kuuzuia udongo usiteremke na mvua. Hii ni nchi ya kahawa. Watu wamesomeshwa kwa kahawa, wameoa kwa kahawa, nyumba za bati zimeezekwa kwa kahawa. Mezani kwangu kililetwa chupa ya maji ya moto na kopo la kahawa ya unga, iliyotengenezwa mbali na kununuliwa dukani. Nikauliza kama kuna ya hapa. Mhudumu akashangaa kweli kweli. "Ya hapa ni ya kuuza, bosi."

HOTELI NI YA NANI?

Msidhani nazipiga vita hoteli kwa jumla. Kwanza tuelewane juu ya neno. Kwetu ukisema unakwenda hotelini, mara nyingi unakwenda kula wali maharage. Pa kulala ni gesti. Hoteli ya kulala ilikuja na wageni, na ilijengewa wageni. Baada ya Azimio la Arusha, serikali kupitia Shirika la Utalii ilikuwa na mlolongo wake wa hoteli: Kilimanjaro jijini, Ngorongoro, Lobo, Seronera, Manyara, Mikumi, Mafia. Soma majina hayo tena. Yanafuata wanyama na bahari. Mtu wa Ruvuma hakufuatwa.

Vijana wa wakati ule hawakunyamaza. Mwaka 1970 Umoja wa Vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliuliza magazetini kama nchi ya kijamaa inapaswa kumwaga fedha kwenye hoteli za watalii. Mjadala ukawaka. Mwaka 1973 Tanzania Publishing House ikautoa kama kitabu, mhariri Issa Shivji. Unaweza kukubaliana nao au kuwakataa, lakini waliuliza swali la kiume na la kike: hoteli ni ya nani, na anayefua shuka anapata nini? Hoteli zile baadaye zilibinafsishwa, na ile Kilimanjaro leo imebeba jina la Hyatt. Swali halikubinafsishwa. Limeachwa njiani tu, na sisi waandishi ndio tunalipita tukikimbilia lifti.

Tena niwaambie jambo ambalo lilinishangaza. Hizi hoteli za kampuni moja zenye matawi kila mji, chumba kile kile kila uendako, baadhi zilizaliwa na hasira ya msafiri. Mmarekani Kemmons Wilson alisafiri na mkewe na watoto watano mwaka 1951. Nyumba za wageni za njiani zikawa zinamtoza nyongeza kwa kila mtoto. Akakasirika. Mwaka 1952 akafungua Holiday Inn ya kwanza mjini Memphis: bei inajulikana, watoto hawalipiwi, chumba hakina ujanja. Tajiri alikuwa tayari, hilo ni jingine. Mwanzo wake ulikuwa ahadi nyepesi: ulichoahidiwa ndicho utakachokikuta.

Sasa hoteli zetu za katikati zimeiga nini? Zimeiga saa tatu za ukutani na kuisahau ahadi. Hapo ndipo kosa lilipo. Kukosa maji ya moto si dhambi. Mbinga nzima tunachemsha kwa kuni. Dhambi ni lile tangazo. Tangazo likishabandikwa, lazima mtu alipe uongo wake, na anayelipa si mwenye hoteli wala bosi wa ghorofa ya tatu. Analipa yule wa ndoo.

USIKU WA PILI

Kesho yake niliteremka ziwani. Siku hizi Mbinga hadi Mbamba Bay ni lami, kilomita 66, na gari linashuka milima likikata kona mpaka masikio yanaziba. Ziwa Nyasa linajitokeza ghafla, buluu tupu, na joto linakupokea. Toka mwaka 2012 huku ni wilaya yake, Wilaya ya Nyasa.

Nililala gesti ya mama mmoja karibu na mwalo. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Kabla hajapokea hela yangu alinisimamisha uani, akaanza kunihesabia: "Choo kile pale, cha wote. Maji ni ya ndoo. Neti ya chumba namba mbili ina tundu, nitakupa uzi ushone. Umeme ukikatika nina taa. Baa ile inapiga muziki, sina uwezo nayo. Ukikubali, elfu kumi na mbili. Umekula?" Nikala ugali kwa mbasa wa kuchoma, nikashona neti.

Sitaki kuwadanganya kwa upande wa pili. Muziki ulipigwa mpaka saa nane usiku. Mbu walipita pale nisiposhona vizuri. Kitasa cha mlango kilikuwa kibovu, nikaegemeza meza. Mimi ni mwanamume, niliegemeza meza nikalala. Msichana anayesafiri peke yake angekesha. Anayesifia gesti kwa kuwa eti ndiyo "maisha halisi" naye ni mwongo mwenzetu. Ametoka kwenye uongo wa lifti akaingia kwenye uongo wa kibatari. Sikupendezwa na ubovu wa gesti ile. Nilipendezwa kwamba niliambiwa ubovu wake kabla sijalipa.

WANAOSEMA WASOMAJI WANATAKA NDOTO

Najua mtakachonijibu, maana nimeshajibiwa kijiweni. Mtasema: bwana, msomaji ana shida zake tayari, ananunua kitabu ili apumzike. Mpe lifti. Mpe wiski. Ukimwandikia ndoo, nani atanunua?

Hoja hiyo ina uzito. Hata mimi lifti ya Willy Gamba ilinitoa kwenye baridi ya Mbinga usiku mwingi, na sitaikana. Lakini yeye alinipeleka nisikofika. Wewe unampeleka msomaji mahali ambako hata wewe hujafika, na fundi cherehani wa kwanza anakukamata. Ndoto ya mtu asiyejua anachokiota haipumzishi mtu. Tena jiulizeni: yule dada wa mapokezi naye ni msomaji. Chini ya kaunta nilimwona na kitabu kimekunjwa ukurasa. Ndoto tunayomwuzia yeye ni ipi? Kwamba siku moja atagonga mlango na kuuawa sura ya tisa?

Na msiniambie ukweli hauna msisimko. Daftari la wageni lina jina, unakotoka, unakokwenda, kazi. Ndani ya daftari moja la gesti ya ziwani nimeona mvuvi, mwalimu anayehamishwa, mnunuzi wa dagaa, na mtu aliyeandika kazi yake "mgonjwa". Huyo mtu alikuwa anakwenda wapi? Nani alimsindikiza? Nipeni mpelelezi yeyote, mimi nitamfuata yule mgonjwa.

Sasa hoja yangu ni fupi. Mwandishi chipukizi, kabla hujaandika hoteli, lala humo. Ukikosa hela, nenda ukaulize kazi ya kufua shuka kwa siku mbili. Utajua zaidi kuliko aliyelipa. Andika bei. Andika nani alibeba maji. Mpe jina anayegonga mlango. Kama hujui maji ya moto yanatoka wapi, usiandike kwamba yapo.

Mimi sura ya saba nimeichana. Naianza upya saa kumi na moja alfajiri, kwenye ngazi, na ndoo ya kwanza. Shujaa bado amelala, na sijaamua kama nitamwamsha. Yule dada nimempelekea kurasa nne za mwanzo. Amenirudishia na kalamu nyekundu: ameandika kwamba ndoo haishikwi hivyo, na kwamba ngazi za hoteli ile ni arobaini na mbili, siyo thelathini.

Nimesahihisha.