Si Kila Kifua Kinachobana ni Pumu

Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu huzishukia Njombe na Makambako, milango hufungwa mapema, na jiko la mkaa huingizwa chumbani. Huo ndio msimu wa mafua. Ndio pia msimu ambao baadhi ya wagonjwa wa mapafu huiweka kando dawa yao ya kuvuta yenye steroidi, kwa kuwa wamesikia kwamba hushusha kinga na kumwacha mtu wazi kwa virusi. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Ina ukweli ndani yake kwa ugonjwa mmoja na madhara kwa mwingine, na tatizo ni kwamba magonjwa yote mawili huitwa pumu.

Katika pumu halisi, mirija ya hewa imevimba kwa ndani hata siku ambazo mgonjwa hajisikii vibaya, na virusi vya mafua ya kawaida ni miongoni mwa vichochezi vikuu vya kubanwa. Steroidi ya kuvuta, ikitumiwa kila siku, hutuliza uvimbe huo ili mafua yakija yasikute kuni zimekwisha kupangwa. Anayeiacha mwezi Juni kwa kuogopa mafua amevua koti baridi ilipoanza. Hubaki na salbutamoli, ambayo hufungua mirija kwa saa chache na kuuacha uvimbe palepale. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa hiyo peke yake. Kisha anapozidiwa hupewa vidonge vya prednisoloni, ambavyo huzunguka mwili mzima. Hivyo aliyeikimbia steroidi kidogo ya mapafuni huishia kumeza nyingi zaidi.

Hali ni tofauti kwa mama aliyepika kwa kuni miaka arobaini katika jiko lisilo na dirisha, au kwa mvutaji wa sigara wa muda mrefu. Hao mara nyingi wana ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Utafiti mkubwa uitwao TORCH, uliochapishwa mwaka 2007, uliwafuatilia wagonjwa wa namna hiyo zaidi ya 6,000 kwa miaka mitatu: uwezekano wa kupata nimonia ulikuwa 19.6% kwa waliotumia flutikasoni pamoja na salmeteroli, na 12.3% kwa waliopewa dawa isiyo na kiambato. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa wagonjwa hawa swali la kwanza liwe kama steroidi inahitajika kabisa, na hesabu ya chembe nyeupe za damu aina ya eosinofili husaidia kulijibu: zikiwa 300 au zaidi kwa mikrolita moja, faida inatarajiwa; zikiwa chini ya 100, ni vigumu kuitetea dawa hiyo.

Aliyewahi kuugua kifua kikuu naye hubanwa na kukohoa, naye huandikiwa pumu. Makohozi yake yapimwe kwanza.

Kuna jambo jingine lisiloweza kupuuzwa katika mkoa huu. Njombe ina kiwango cha juu zaidi cha VVU nchini, 12.7% ya watu wazima kwa utafiti wa kitaifa wa 2022–2023. Wengi hutumia dolutegraviri, ambayo haina ugomvi na steroidi za kuvuta. Lakini aliye kwenye dawa zenye ritonaviri akipewa flutikasoni au budesonidi, ini hushindwa kuivunja steroidi hiyo. Hujikusanya mwilini, uso huvimba, sukari hupanda na kinga hushuka kweli. Beklometasoni ni salama zaidi kwake. Anayeandika dawa ya kifua hana budi kuuliza mgonjwa anameza nini kingine, tena faraghani.

Mengine ni ya gharama ndogo. Kusukutua mdomo na kutema baada ya kuvuta huzuia utando mweupe wa fangasi. Chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako ili mdomo wa kifaa ukae barabara, hufikisha dawa mapafuni kwa watoto sawa na kifaa cha dukani, kama ulivyoonyesha utafiti wa Cape Town mwaka 1999. Chupa hizo zimejaa stendi ya Makambako.