Vinasaba vya Vinyonga Vyafichua Undugu wa Misitu ya Mbeya na Iringa

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Mjadala kuhusu uhifadhi wa misitu ya Nyanda za Juu Kusini kwa kawaida hujikita katika vyanzo vya maji, mbao na utalii. Hata hivyo, ushahidi muhimu kuhusu historia ya misitu hiyo umo katika mwili wa kiumbe ambaye wananchi wengi humwogopa na kumhusisha na mikosi: kinyonga.

Ushahidi huo unapatikana katika mitokondria, sehemu ndogo za seli zinazozalisha nishati ya mwili. Mitokondria zina vinasaba vyake, vilivyo nje ya kiini cha seli, vyenye jeni 37 tu kwa wanyama walio wengi wenye uti wa mgongo. Kwa kawaida mtoto huvirithi kutoka kwa mama pekee, navyo hubadilika haraka kuliko sehemu kubwa ya vinasaba vya kiini. Kwa kulinganisha mabadiliko hayo, watafiti huweza kubaini koo zipi zina asili moja na kukadiria zilitengana lini.

Mwaka 2006, watafiti Colin Tilbury, Krystal Tolley na William Branch walitumia vinasaba vya mitokondria, pamoja na vya kiini na maumbile ya nje, kuonesha kuwa baadhi ya vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki waliokuwa wakihesabiwa kuwa ndugu wa karibu wa vinyonga wa Afrika Kusini ni ukoo tofauti kabisa. Ukoo huo uliundiwa jenasi mpya na kupewa jina la Kinyongia, linalotokana na neno la Kiswahili.

Miaka mitatu baadaye, Kinyongia vanheygeni alitangazwa kutoka Milima ya Poroto mkoani Mbeya. Mwaka 2015 alifuata Kinyongia msuyae, aliyepewa jina kwa heshima ya Mtanzania Charles Msuya, mmoja wa waasisi wa utafiti wa wanyama watambaao nchini. Uchambuzi wa vinasaba ulionesha kuwa spishi hizo mbili ni ndugu wa karibu zaidi.

Jambo linalovuta hisia ni makazi yao. Wakati Kinyongia msuyae anatangazwa, alifahamika katika vipande vinne tu vya misitu ya mvua ya milimani: viwili Nyanda za Juu Kusini, ikiwemo Milima ya Livingstone, na viwili katika Milima ya Udzungwa. Katikati ya maeneo hayo upo ukanda mkavu wa Makambako, ambako leo hupita barabara ya TANZAM na reli ya TAZARA. Kinyonga wa msitu wa mvua, mwenye mwendo wa taratibu na anayeishi juu ya miti, hawezi kuvuka ukanda huo. Watafiti wakahitimisha kuwa misitu ya pande hizo mbili iliwahi kuungana katika vipindi vya hali ya hewa yenye unyevu zaidi, muda mrefu kabla ya binadamu kuanza kulima eneo hilo.

Pamoja na uzito wake, ushahidi wa mitokondria hautoshi peke yake, kwa kuwa unaeleza historia ya upande wa mama tu. Mfano upo Mbeya kwenyewe. Kima aina ya kipunji, aliyetambulishwa kwa ulimwengu mwaka 2005, naye anaishi pande zote mbili za Makambako: Rungwe na Livingstone kwa upande mmoja, na msitu wa Ndundulu katika Udzungwa kwa upande mwingine. Kipunji wa Nyanda za Juu Kusini walikutwa na vinasaba vya mitokondria vinavyofanana na vya nyani, dalili ya mchanganyiko wa kale wa uzazi, ilhali wa Ndundulu hawakuwa navyo. Hivyo, mtafiti anayetegemea mitokondria pekee angeweza kupotoka.

Matokeo haya yana maana katika mipango ya sasa. Kwanza, thamani ya msitu haipimwi kwa ukubwa wa eneo pekee. Kipande kidogo kinachosafishwa kwa ajili ya viazi mviringo au mkaa kinaweza kuwa robo ya makazi yanayofahamika ya spishi isiyopatikana kwingineko duniani. Pili, shoroba zilizosalia, kama Bujingijila kati ya Mlima Rungwe na Livingstone, zinastahili kulindwa kabla hazijakatika, kwa kuwa pengo la Makambako linaonesha kuwa misitu ikishatengana, viumbe wake hawarudiani kwa hiari yao.

Tatu, ni biashara. Vinyonga wa jenasi hii wamo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES, na mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Nyoka Atheris matildae alipotangazwa mwaka 2011 kutoka Nyanda za Juu Kusini, watafiti walilazimika kuficha mahali anapopatikana, kwa hofu ya wafanyabiashara wa wanyama wa kufugwa.

Milima hii inasimamiwa na mamlaka tofauti na kugawanywa na mipaka ya mikoa. Vinasaba vinaonesha kuwa uhai uliomo ndani yake ni urithi mmoja, na uamuzi unaofanyika Rungwe au Kilolo unagusa historia ya pande zote mbili.